Mshahara wa mgonjwa ulipokatwa: kisa cha Ujerumani, 1996 hadi 1999

Tarehe 1 Oktoba 1996, mfanyakazi wa sekta binafsi nchini Ujerumani aliyeamka na homa alikuwa na hesabu mpya ya kupiga kabla ya kumpigia simu msimamizi wake. Hadi siku iliyotangulia, kuugua hakukumgusa mshahara: mwajiri alimlipa asilimia 100 kwa muda wa hadi wiki 6. Kuanzia asubuhi hiyo sheria ilimdai mwajiri asilimia 80 tu. Baada ya miaka miwili na miezi mitatu, tarehe 1 Januari 1999, asilimia 100 ikarudishwa.

Ni nadra kupata kisa kilichonyooka namna hii. Mshahara wa mgonjwa unakatwa kwa sheria, unarudishwa kwa sheria, na takwimu za kabla, za wakati wenyewe na za baadaye zipo. Swali lililokuwa mezani ndilo waajiri, mifuko ya bima na vyama vya wafanyakazi wanaloulizana kila mahali: mtu asipofika kazini akasema anaumwa, anaumwa kweli au anategea? Na ukimkata mshahara, unapunguza ugonjwa, unapunguza kutegea, au unawalazimisha wagonjwa wajikongoje kazini? Msimamo wangu nausema mapema. Idadi ya siku ambazo watu hawakufika kazini, ukiitazama peke yake, haiwezi kujibu swali hilo, na aliyeitegemea hiyo tu mwaka 1996 alikuwa anapunguza kitu asichokijua.

Ugonjwa mmoja, gharama mbili

Tukisikia bima ya afya, mara nyingi mawazo huenda kwenye daktari, dawa na kitanda cha hospitali. Lakini ugonjwa humjia mfanyakazi na gharama mbili. Ya kwanza ni ya kutibiwa. Ya pili ni kipato kinachopotea wakati amelala. Mtu anaweza kuwa na kadi ya bima inayomlipia kila kipimo, na bado akaingia zamu huku anatetemeka, kwa sababu siku asiyofanya kazi hana cha kulipia pango. Anayechambua utoro wa wagonjwa bila kutenganisha gharama hizi mbili atalaumu bima ya matibabu kwa jambo linalotoka kwenye mshahara, au atasifu mshahara kwa jambo lililofanywa na daktari.

Ujerumani iliziona gharama zote mbili tangu mwanzo. Sheria ya bima ya ugonjwa ya tarehe 15 Juni 1883, iliyopita enzi za Kansela Otto von Bismarck, haikuishia kwenye matibabu. Ilimpa mfanyakazi mgonjwa posho isiyopungua nusu ya mshahara, kuanzia siku ya tatu ya ugonjwa, kwa hadi wiki 13. Michango ililipwa na wafanyakazi kwa theluthi mbili na waajiri kwa theluthi moja.

Miongo ilivyopita, mzigo wa wiki za mwanzo ulihamishiwa kwa mwajiri, na hapo ndipo ubaguzi ulipoonekana. Makarani na watumishi wa ofisini walikuwa na haki ya mshahara kamili kwa wiki 6 za ugonjwa hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwenzao wa karakana, aliyeshika chuma na kuvuta moshi, alibaki na posho ya mfuko wa bima, tena baada ya siku za kusubiri zisizolipwa. Tarehe 24 Oktoba 1956 wafanyakazi wa viwanda vya chuma na vya kujenga meli katika jimbo la Schleswig-Holstein waligoma chini ya chama chao, IG Metall. Mgomo huo ulidumu siku 114. Dai lake kubwa lilikuwa hilo: mgonjwa wa karakana atendewe kama mgonjwa wa ofisini. Mwaka 1957 sheria ikawapa sehemu ya haki hiyo, na kuanzia 1 Januari 1970 wakapata mshahara kamili kwa wiki 6. Mwaka 1994 sheria moja ikawaunganisha wote, wa ofisini na wa karakana, wa magharibi na wa mashariki.

Historia hii ina uzito katika kisa chetu. Asilimia 100 haikuwa zawadi ya serikali iliyoweza kuchukuliwa bila kelele. Mwaka 1996 bado walikuwapo wazee waliostaafu ambao walikaa majira yote ya baridi bila mshahara ili kuipata.

Baada ya wiki 6, mwajiri anatoka na mfuko wa bima ya afya unaingia. Mfuko humlipa mgonjwa posho, na kwa ugonjwa uleule haki hiyo ina kikomo cha wiki 78 ndani ya miaka mitatu, wiki za mwajiri zikihesabiwa humo. Kabla ya 1997 posho hiyo ilikuwa asilimia 80 ya mshahara ghafi. Naomba msomaji aikumbuke namba hii, maana nayo iliguswa.

Sheria yenyewe

Mwanzoni mwa 1996 Ujerumani ilivuka watu milioni 4 wasio na kazi. Serikali ya Kansela Helmut Kohl ilisema gharama ya kuajiri imekuwa kubwa mno, na malipo ya wagonjwa yakawekwa kwenye orodha ya vitu vya kupunguza. Wazo halikuwa geni. Miaka michache kabla, serikali hiyohiyo ilipotafuta namna ya kugharimia bima mpya ya uangalizi wa wazee na walemavu, ilipendekeza siku za mwanzo za ugonjwa zisilipwe. Pendekezo lilishindwa, na badala yake sikukuu moja ya kidini ikafutwa karibu nchi nzima, isipokuwa jimbo la Sachsen.

Safari hii wakapita mlango mwingine. Sheria ya tarehe 25 Septemba 1996 ilishusha kima cha chini cha malipo kutoka asilimia 100 hadi 80. Aliyeumia kazini au kupata ugonjwa unaotokana na kazi aliachwa na malipo kamili. Mfanyakazi mpya alitakiwa amalize kwanza wiki 4 kazini ndipo mwajiri aanze kuwajibika. Na kulikuwa na kifungu kimoja ambacho kwangu ndicho kinachoonyesha zaidi fikra za waliotunga sheria: mgonjwa aliyetaka mshahara wake kamili aliweza kutoa siku moja ya likizo yake ya mwaka kwa kila siku 5 za ugonjwa. Yaani ugonjwa ulihesabiwa kana kwamba ni mapumziko, na mapumziko yanaweza kulipiwa kwa mapumziko.

Kifurushi hichohicho cha sheria kililegeza pia ulinzi dhidi ya kufukuzwa kazi. Sheria ya ulinzi huo ilikuwa haiwagusi waajiri wenye hadi watu 5; sasa kiwango kikapandishwa hadi watu 10. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu linavuruga hesabu.

Upinzani ulianza kabla sheria haijapita. Tarehe 15 Juni 1996 watu wapatao 350,000 waliandamana mjini Bonn dhidi ya mpango mzima wa kubana matumizi. Sheria ilipoanza kazi, kampuni ya magari ya Daimler-Benz ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutangaza kwamba itaitumia. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi katika sekta ya chuma wakaacha mashine zao na kutoka nje, na ndani ya wiki chache kampuni ikarudi nyuma. Tatizo la waajiri lilikuwa la kisheria pia: mikataba mingi ya pamoja, ile ambayo vyama vya wafanyakazi husaini na waajiri, ilikuwa na kifungu chake chenyewe cha asilimia 100, na sheria iliyoshusha kima cha chini haikufuta ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba. Kufikia Desemba vyama na waajiri wa sekta ya chuma walianza kusaini mikataba mipya iliyobakiza asilimia 100, wafanyakazi wakikubali kupoteza vitu vingine, kama vile malipo ya ovataimu kutoingizwa tena katika hesabu ya mshahara wa mgonjwa.

Matokeo yake nchi ikagawanyika. Mwenye chama chenye nguvu alilipwa kamili. Asiye na chama, wa duka dogo au kampuni ya usafi, ndiye aliyekatwa. Watumishi wa serikali wenye hadhi ya kudumu hawakuguswa kabisa na sheria hii.

Hesabu ya asubuhi moja

Tumchukue mfanyakazi wa ghala, asiye na mkataba wa pamoja, anayepata mshahara ghafi wa marki 3,000, fedha ya Ujerumani ya wakati ule, kwa mwezi. Kwa siku 20 za kazi, siku moja ni marki 150. Amebeba mizigo wiki nzima na leo kiuno kimekaza. Kuinama kuvaa viatu ni shughuli. Akikaa nyumbani siku 5 anapoteza marki 150, sawa na siku nzima ya kazi. Au anatoa siku moja ya likizo na mshahara unabaki mzima. Au anameza dawa ya maumivu na kwenda.

Sasa tumbadilishie ugonjwa. Mshahara ni uleule, ila leo ana homa ya mafua, kikohozi na mwili umevunjika. Hesabu ya fedha haijabadilika hata kidogo: marki 30 kwa siku. Lakini akienda, wenzake watatu wa meza moja ya chakula wataugua wiki ijayo. Gharama hiyo haiko kwenye mshahara wake wala kwenye kitabu cha mwajiri, ila siku 10 au 15 za ugonjwa zimeshapandwa.

Tumbadilishie mara ya tatu. Amegundulika na saratani, yuko kwenye matibabu, hawezi kusimama nusu saa. Umkate asilimia 20, umkate 50, hatakwenda ghalani. Kitakachobadilika ni deni lake.

Makato ni yaleyale, na watu watatu wanaitikia kwa namna tatu tofauti. Wa kwanza yuko mpakani: anaweza kwenda au kubaki, na pengine kwenda hakutamdhuru, pengine kutamharibia mgongo kwa miaka. Wa pili anakwenda na kueneza. Wa tatu analipa faini kwa kuugua. Orodha ya mahudhurio inawaandika wawili wa kwanza kwa namna moja: yupo.

Wakati ule cheti cha daktari kilikuwa karatasi ya manjano yenye nakala zaidi ya moja, na namna nakala zilivyogawanywa inaeleza mengi. Nakala ya mfuko wa bima ilikuwa na jina la ugonjwa kwa alama za kitabibu. Nakala ya mwajiri haikuwa nalo. Ilisema tu kwamba fulani hawezi kufanya kazi hadi tarehe fulani. Ni utaratibu wa haki, unaomlinda mgonjwa asijulikane siri zake, na sitaki uondolewe. Lakini maana yake ni kwamba mwajiri aliyelalamika juu ya utoro alikuwa anaona siku tu. Aliyejua kama ni kiuno, mafua au saratani ni mfuko. Na kwa kawaida cheti kilihitajika ugonjwa ukipita siku 3, kwa hiyo vipindi vifupi vya siku moja au mbili mara nyingi havikuufikia mfuko hata kidogo.

Watafiti waliona nini

Kwa bahati Ujerumani ina utafiti mkubwa wa kaya, unaowafuata watu walewale mwaka hadi mwaka tangu 1984, na mojawapo ya maswali yake ni: mwaka uliopita ulikosa kazi siku ngapi kwa ugonjwa? Watafiti waliwalinganisha wafanyakazi wa sekta binafsi, walioguswa na sheria, na watu ambao haikuwagusa, kama watumishi wa umma.

Nicolas Ziebarth na Martin Karlsson, katika makala ya mwaka 2010, walikuta kwamba idadi ya wafanyakazi wasiokosa hata siku moja kwa mwaka iliongezeka kwa kati ya asilimia 6 na 8. Waliokuwa wakikosa hadi siku 5 kwa mwaka walizipunguza kwa takriban asilimia 12. Kwa makadirio yao, gharama za waajiri zilishuka kwa kiasi cha yuro bilioni 1.5 kwa mwaka. Ukisoma hapo tu, picha ni safi: waliotikisika ni wenye siku chache, wale wa mafua na kiuno.

Lakini mwaka huohuo Patrick Puhani na Katja Sonderhof walichapisha uchambuzi wa mageuzi yaleyale, na picha yao ni nyingine. Wao walikuta wastani wa siku 2 zimepungua, na upungufu mkubwa ukiwa kwa watu wenye vipindi virefu. Walikuta pia kwamba siku za kulazwa hospitalini zilishuka kwa karibu nusu siku kwa wastani, ingawa hawakupata ushahidi thabiti kwamba afya za watu ziliharibika.

Jambo hilo la hospitali linanisumbua kuliko yote, na naona limepitwa haraka mno katika mijadala. Kulazwa hakutokani na mtu kujisikia uvivu. Anayelaza ni daktari. Kama mshahara wa mgonjwa ukikatwa watu wanalala siku chache zaidi hospitalini, basi ama kulikuwa na siku za hospitali zisizo za lazima, ama watu walikuwa wanaahirisha matibabu na kuomba kuruhusiwa mapema. Matibabu yenyewe yalikuwa yamelipiwa na bima. Kilichomtoa mtu kitandani ni ile gharama ya pili, kipato. Hapa ndipo bima ya afya na mshahara wa mgonjwa vinapokutana: kadi nzuri ya bima inaweza kukaa mfukoni bila kazi kwa sababu mwenye kadi hana uwezo wa kuugua.

Kwamba afya haikuonekana kuharibika ni habari njema, lakini nisingeipa uzito usio wake. Maswali yalikuwa ya mtu kujipima mwenyewe, na muda ulikuwa miaka miwili na kitu. Kiuno kilichofanyiwa kazi kabla hakijapona kinaweza kudai malipo yake baada ya miaka 10.

Malipo yaliporudishwa 1999, Ziebarth na Karlsson walipima tena, na makala yao ya mwaka 2014 inasema siku za ugonjwa ziliongezeka kwa angalau asilimia 10, au siku moja hivi kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, bila ushahidi kwamba afya iliboreka. Wao wanaona hilo linaunga mkono maelezo ya kutegea. Hapo ninatofautiana nao, kwa heshima. Siku moja ya kupumzika mafua haitarajiwi kuboresha afya ya mtu mwishoni mwa mwaka. Faida yake iko kwenye wiki ileile, na sehemu yake kubwa iko kwenye afya ya mwenzake asiyeambukizwa. Kupima afya ya aliyelala na kusema hakuna kilichopatikana ni kutafuta faida mahali ambapo haikuwekwa.

Ziebarth mwenyewe, safari hii na Stefan Pichler, alilifuata swali hilo katika makala ya mwaka 2017. Walitenganisha magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza katika takwimu za Ujerumani, wakaona kwamba siku za magonjwa yasiyoambukiza, kama maumivu ya mgongo, ziliitikia mabadiliko ya malipo zaidi kuliko za magonjwa ya kuambukiza. Kwa upande wa Marekani, ambako miji na majimbo yalianza mmojammoja kulazimisha siku za ugonjwa zenye malipo, San Francisco ikitangulia mwaka 2007, walikuta kwamba wafanyakazi wakipata haki hiyo magonjwa ya mafua hupungua kwa jamii nzima. Basi wenye homa ambao zamani hawakuwa na malipo kweli walikuwa wanakwenda kazini, na kweli walikuwa wanaambukiza.

Vinavyovuruga hesabu

Haki kwa pande zote inadai nitaje yale yanayoweza kudanganya. Mfanyakazi wa 1997 hakuogopa kukatwa tu, aliogopa kufukuzwa. Nje ya lango walikuwapo watu zaidi ya milioni 4 wanaotafuta kazi, na kampuni ndogo zilikuwa zimepewa uhuru zaidi wa kuachisha. Katika hali hiyo watu huacha kuugua hata bila kukatwa chochote. Kulinganisha na watumishi wa umma hakuondoi tatizo, maana mtumishi wa umma hakuwa na hofu ileile.

Pia, wengi walioitwa walioguswa hawakuguswa, kwa sababu mikataba yao ilibakiza asilimia 100. Hili linavuta matokeo kwenda chini: athari kwa aliyekatwa kweli huenda ilikuwa kubwa kuliko wastani unavyosema.

Na kuna jambo ambalo wenye hoja ya kutegea hawapendi kulitazama kwa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 2000 Ujerumani ilikuwa na viwango vya ugonjwa kazini vya chini kuliko vya mwanzo wa miaka ya 1990, ilhali malipo yalikuwa yamesharudi kwenye asilimia 100. Malipo ni sababu mojawapo. Hofu ya kupoteza kazi, aina ya kazi, umri wa wafanyakazi, msimamizi anayenyanyasa au anayejali, vyote vinasukuma namba ileile.

Mzigo wa mwajiri mdogo

Hoja ya waajiri nisingependa kuidharau, hasa ya wadogo. Karakana yenye watu 6 ikipata mmoja aliyevunjika mguu inamlipa wiki 6 bila kupata kazi yake, na wakati huohuo inatafuta wa kushika nafasi. Huo ni mzigo wa kweli. Ila Ujerumani ilikuwa tayari na dawa yake, na haikuwa kumkata mgonjwa. Waajiri wadogo huchangia kwenye mfuko wa pamoja unaosimamiwa na mifuko ya bima ya afya, na mmoja wao akipata mgonjwa hurudishiwa sehemu kubwa ya alichomlipa. Siku hizi utaratibu huo unawahusu waajiri wenye hadi watu 30, na marejesho hufika hadi asilimia 80. Kwa hiyo mguu wa fundi mmoja hauiangushi karakana, na fundi hakatwi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande cha mfumo wa Ujerumani kinachostahili kuigwa kwanza, na ndicho kinachotajwa mara chache zaidi.

Mjadala uliorudi

Kuanzia 1 Januari 2023 karatasi ya manjano iliondoka kwa mwajiri. Daktari anatuma cheti kwa mfuko kwa njia ya kielektroniki, na mwajiri anakivuta kutoka huko. Zamani nakala ya mfuko ilimtegemea mgonjwa aipeleke mwenyewe, na wengi wenye ugonjwa mfupi hawakujisumbua. Sasa vyeti vyote vinafika. Siku za ugonjwa katika takwimu za mifuko zikapanda ghafla, na watafiti wameonyesha kwamba sehemu ya ongezeko hilo ni vyeti ambavyo zamani vilikuwa vinapotea njiani. Mawimbi ya magonjwa ya njia ya hewa baada ya korona yakaongeza mengine.

Hata hivyo namba ilipopanda, lawama ziliwarudia walewale. Wengine walikishtaki cheti cha kwa simu, kilichoanza mwaka 2020 wakati wa korona na kufanywa cha kudumu Desemba 2023 kwa dalili zisizo kali. Mwanzoni mwa 2025 mkuu wa kampuni ya bima ya Allianz, Oliver Bäte, alipendekeza siku ya kwanza ya ugonjwa isilipwe. Siku ya kwanza ndiyo siku mwenye mafua anapoamua kama atapanda basi au la. Kati ya siku zote 42 za wiki 6, ukitaka kuchagua moja ambayo kuikata kutawaleta wenye kuambukiza kazini, utachagua hiyo. Na anayejua kwamba siku ya kwanza imeshapotea ana sababu ya kukaa ya pili na ya tatu, kwa kuwa akirudi mapema mno na hali ikamrudia ataanza kuhesabiwa upya.

Kama kampuni ina tatizo la utoro, kuna maswali yanayoulizika bila kugusa siri ya mtu yeyote. Mfuko wa bima unaweza kuieleza kwa jumla ni magonjwa ya aina gani yanayowaangusha watu wake, pasipo majina. Ikiwa ni migongo, kagua uzito unaobebwa na urefu wa meza. Ikiwa ni msongo wa mawazo katika idara moja, mtazame mkuu wa idara. Ikiwa ni mafua, kuwaleta wagonjwa ndani ni kuongeza tatizo unalolilalamikia.

Kilichorudi na kilichobaki

Uchaguzi wa tarehe 27 Septemba 1998 ulimwondoa Kohl, na serikali ya Gerhard Schröder ikarudisha asilimia 100 kuanzia 1 Januari 1999, kama ilivyoahidi. Wiki 4 za kusubiri kwa mfanyakazi mpya hazikuondolewa, zipo hadi leo. Akiugua ndani ya muda huo, mfuko wa bima ndio unaomlipa posho.

Na ile posho ya baada ya wiki 6? Kuanzia 1 Januari 1997 nayo ilishushwa, kutoka asilimia 80 hadi 70 ya mshahara ghafi. Hii ni posho ya wenye saratani, waliopasuliwa moyo, walioanguka kwa sonona nzito. Ziebarth aliichambua katika makala ya mwaka 2013 na hakukuta kwamba kushushwa huko kulipunguza kwa maana yoyote idadi au urefu wa vipindi vya kuugua vinavyozidi wiki 6. Watu hawakurudi kazini mapema, kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kurudi. Mifuko iliokoa fedha, na fedha hizo zilitoka kwa wagonjwa wenyewe. Kwa hao hakuna kiwanda kilichosimama, wala hawakuwa katika hali ya kugoma, na mwaka 1999 asilimia 70 haikuguswa. Ndiyo inayolipwa mpaka sasa.